Kamande Aombea Bintiye Aanguke

Jumapili moja ya mwaka wa tisini na nane, baada ya ibada, Gwakisa, dereva wa ubalozi tunayemwita Balozi, alilibwaga gazeti juu ya meza yetu katika mkahawa wa donati hapa Lanham, Marekani, kabla hata hajavua koti.

"Someni wenyewe! Bodi ya shule inataka kuanzia mwakani ifute mitihani ya mwisho wa masomo ya sekondari. Eti mtoto apimwe tu kama yuko tayari kwa chuo!"

"Mungu ni mwema!" akadakia Kamande, mlinzi wa ghala kule Landover, ambaye hapa kijiweni tunamwita Hedimasta. "Sasa Waringa ataanguka!"

Nikakiweka kikombe chini. Waringa alikuwa bintiye wa pekee, na mwaka uliofuata alitaka kwenda chuo huko Ohio.

"Kamande," nikamwambia mimi, bibi wa kijiwe, "mzazi humwombea mtoto afaulu."

"Shosho, hii ya zamani hajawahi feli hata moja! Hiyo mpya ndiyo itamshika. Huyo hako ready. Hajui hata kusonga ugali!"

"Kwani wataulizwa ugali?" Balozi akaangua kicheko. "Swali la kwanza: kata sukuma wiki. Onesha njia!"

"La pili: karibisha wageni kumi wasiotoa taarifa," akaongeza Edah, muuguzi, ambaye sote humwita Sista.

Kamande akaipiga meza. "Chekeni tu! Ohio ni mbali. Nani atamwamsha?"

"Na wewe ulipopelekwa bweni na sanduku la bati, hujaota hata ndevu, nani alikupima?"

"Enzi zetu ilikuwa lazima, Sista! Tulikula maharagwe na wadudu wake, tukanyamaza."

"Sasa nyamaza tena, mtoto aende."

"Aende? Na uniform yangu itapigwa pasi na nani? Nani ataongea na watu wa benki kwa simu? Nani ataniamsha niende job?"

Sista akavua miwani taratibu.

"Hedimasta, kumbe mtahiniwa ni wewe. Haya, pasi huwekwa kabati gani kwako?"

Kamande akatazama dari, kisha dirisha, kisha akanitazama mimi. Balozi akaitazama saa yake kama msimamizi wa mtihani.

"Kalamu chini!"

"Ngoja kidogo, Balozi! Niongezewe muda!"

"Umeongezewa," nikamwambia. "Mpaka Agosti mwakani, Waringa atakapopanda basi la Ohio."