Doa Katikati ya Picha

Jumatatu, 3 Juni
Baba Mkwe katangaza leo, kaegemea mashine ya kuchapishia: mwisho wa mwezi anapumzika. Funguo za studio atamwachia mmoja wetu. Mimi mkwewe, au Shemeji, mwanawe wa kumzaa. Shemeji! Mtu anayechapisha picha kama ilivyoletwa, chunusi na zote! Maharusi wa mji huu nani kawatakasa nyuso, kama si mimi? Funguo ni zangu, bado kukabidhiwa tu.

Jumanne, 4 Juni
Kaja Profesa wa mambo ya nyota, mama mkali, hana muda wa salamu ndefu. Ana maonyesho Jumamosi. Anataka picha mbili za anga, kubwa kama mlango. Baba Mkwe kagawa: moja yangu, moja ya Shemeji, na atakayemfurahisha mama huyu ndiye wa funguo. Profesa akaanza kueleza kilichomo pichani. Sikumsikiliza. Nilikuwa nawaza nitakapoiweka meza yangu mpya.

Jumatano, 5 Juni
Nimeifungua picha yangu kwenye kompyuta. Nyota tele, kama mchele uliomwagika. Lakini katikati, masikini! Doa jeusi, kubwa, utadhani moshi wa jiko ukutani. Ndani yake hata nyota moja hamna. Bila shaka kamera ya mama wa watu iliingia uchafu. Ya Shemeji ni ya sehemu ileile, ila imejaa wekundu na vitu vinavyowaka kama makaa. Nimemcheka kimoyomoyo. Yeye kanishauri nimuulize Profesa kabla sijagusa kitu. Wivu huo, naujua!

Alhamisi, 6 Juni
Kazi kwisha! Nimechota nyota za pembeni, nikazibandika juu ya doa mpaka likatoweka. Kuna moja ya bluu imenipendeza, hiyo nimeitia kila mahali. Mke wangu kapita nyuma yangu, kauliza lile doa limekwenda wapi. Nimemwambia aniache, hii ni sanaa.

Jumamosi, 8 Juni
Mkono hautaki hata kuandika. Ukumbi ulifurika. Profesa kawaambia watu kwamba sasa wataona wingu jeusi la vumbi na gesi, zito hata linazuia mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Pazia likavutwa. Wingu hakuna! Nyota za bluu tupu, kama upele. Profesa kaitazama picha, kapangusa miwani, kaitazama tena. Nami, kwa kiherehere changu, nikasimama nikasema wasiwe na wasiwasi, nimeshalisafisha.

Kumbe doa ndilo alilokesha akilipiga picha! Kumbe humo gizani ndimo nyota zinamozaliwa, na yale makaa ya Shemeji ni nyota changa zenyewe, zimenaswa na kamera inayoona joto hata kupitia vumbi. Watu wamecheka mpaka wakashikana mabega. Baba Mkwe hakucheka. Nimeona aibu, masikio yanawaka hadi sasa.

Jumapili, 9 Juni
Funguo nusura ziende. Mke wangu kaniombea kwa babaye mpaka sauti ikamkauka. Mzee kakubali kunipa nafasi moja ya mwisho: kesho nimletee kazi moja, moja tu, isiyo na kasoro. Nimeapa mbele ya wote kwamba sifuti tena nisichokijua.

Jumatatu, 10 Juni
Mke wangu kanipa bahasha, karudi kulala. Siku hizi anatapika kila asubuhi, nadhani ni wale samaki. Kasema nikiona picha iliyomo nitaelewa mwenyewe, niikuze, nimkabidhi babaye kwa mkono wangu, na mzee atalia kwa furaha. Nimeiona. Sijaelewa kitu. Ya kijivu, karatasi laini, juu jina la mke wangu na la hospitali, sijui kwa nini. Katikati weusi mtupu, na humo ndani kidude kimejikunja kama punje ya harage.

Nilitaka kwenda kuuliza. Lakini mtu mgonjwa, nimwamshe ya nini? Kidude nimekiondoa. Weusi nao nimeupaka kijivu safi, maandishi nimefuta, pembeni nimetia maua. Imependeza, wallahi!

Baba Mkwe huyo kashapanda ngazi. Mke wangu naye kaamka, anataka kuuona uso wa babaye. Nimewaambia wakae kwanza.