Picha Mbichi ya Kwaya ya Nyanchwa

Jumapili, 1 Agosti 1999

Leo nimepiga picha isiyo na filamu, ya kwanza katika mji mzima wa Kisii. Abishe anayetaka. Kamera nimeletewa na shemeji Okemwa kutoka Amerika. Niliowapiga ni kwaya yetu ya Nyanchwa, watu ishirini na wawili, majoho ya buluu. Picha ni ya kava ya kaseti yao, inayozinduliwa Jumapili ijayo. Nyangau, mwenye studio iliyopakana na yangu, alitokea na kamera yake ya filamu, akidai anapita tu. Nikamwomba Bonareri, mwenyekiti wa kwaya, amwambie basi apite. Akapita.

Kijitabu cha kamera kinasema kuna picha za kawaida na kuna picha mbichi. Mbichi hubeba kila kitu kamera ilichokiona, nazo ni za mafundi waliobobea. Nikasogeza kitufe kwenye mbichi. Mwimbaji wao mkuu, Manasseh, anasafiri kesho kwenda Mombasa kuanza kazi, kwa hiyo ilikuwa leo au basi. Kwenye kioo kidogo cha kamera ametoka kama waziri.

Jumatatu, 2 Agosti

Dukani kwa Bharat. Mkewe, Rekha, ndiye mwenye kompyuta. Huchapa kadi za harusi na za matanga. Tukaunganisha kamera kwa waya. Picha moja iliingia kwa dakika arobaini. Kisha programu ikasema haijui kitu hicho ni nini.

Rekha akaniambia, "Masese, programu yangu ni ya mwaka tisini na tano. Kamera yako ni ya mwaka huu. Hawajawahi kuonana."

Nikamwambia awatambulishe. Tukabadilisha mkia wa jina la faili ili ijifanye picha ya kawaida. Programu ikadanganyika. Ikafungua mistari ya kijivu, kama mkeka uliolowa. Rekha akauliza kwaya iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Sikuwa na hakika.

Jumanne, 3 Agosti

Bonareri alipita studio kuona picha. Nikamweleza kuwa ni mbichi, bado inaiva. Akauliza inaiva kwa siku ngapi. Nikasema inategemea hali ya hewa. Akasema kava lazima ifike kwa mchapaji Ijumaa kabla jua halijatua, maana Sabato ikiingia hakuna atakayegusa kazi. Akaongeza kwamba Nyangau hutoa picha kesho yake. Nikasema hata mandazi hutoka haraka.

Jumatano, 4 Agosti

Rekha anasema kamera kama hii huja na diski yenye programu yake. Kweli ilikuja nayo, inayong'aa. Nilimpa Mama kule kijijini Magwagwa aitundike kwenye shamba la wimbi ifukuze ndege.

Nikaenda Magwagwa. Mama alikataa katakata. Alisema tangu diski itundikwe hajapoteza hata suke moja, na kwamba sijawahi kumpa kitu chenye faida hivyo. Tulijadiliana hadi chai ikapoa. Mwishowe nikamwahidi kioo cha studio, kile wateja wanachochania nywele. Diski nikarudi nayo, ina mavi ya ndege upande mmoja.

Alhamisi, 5 Agosti

Rekha aliifuta diski kwa kitenge. Ilizunguka ikilia kama posho mill inayosaga mahindi. Programu ikaingia, ikalalamika kuwa kompyuta ni ya zamani, kisha ikafungua picha. Watu wote ishirini na wawili walionekana wazi kabisa. Wote kijani. Kijani kama majani ya chai.

Nikamwita Bonareri nikamwambia ni mtindo mpya wa Amerika, na tena sisi ni watu wa chai. Akamtazama Manasseh wa pichani. Akauliza kama alisafiri akiwa mgonjwa. Tukajaribu kusahihisha nyuso. Nyuso zikawa za kahawia, meno yakawa ya zambarau. Bonareri akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 6 Agosti

Rekha aliniambia nirudishe kitufe kwenye picha za kawaida na nipige upya. Nikamwambia ndicho nilichokuwa nataka kusema.

Kwaya ikakusanyika asubuhi. Ishirini na mmoja. Joho la Manasseh lilikuwa limetundikwa ofisini kwa mchungaji. Hapo wazo likanijia. Nikalivaa. Kamera hii hujipiga yenyewe baada ya sekunde kumi. Mara ya kwanza nilijikwaa kwenye joho. Mara ya pili nikasimama kwenye safu ya soprano. Mara ya nne nikafika mahali pake na kufungua mdomo, kama naimba. Nilikusudia kugeuza uso. Sikuweza, niliona kamera.

Programu ya zamani ya Rekha ikafungua picha bila neno. Rangi safi. Bonareri alishusha pumzi, akaipeleka kwa mchapaji. Nilipita mbele ya studio ya Nyangau mara tatu.

Jumapili, 8 Agosti

Uzinduzi. Kaseti ya kwanza ilikabidhiwa kwa Mama Nyakerario, mamake Manasseh. Akavaa miwani. Akaigeuza.

"Anayeimba ni mwanangu," akasema. "Mbona anayefungua mdomo ni Masese?"

Watu walicheka mpaka mchungaji akakaa chini. Nyangau alikuwa ameegemea mlango, anafuta machozi. Mama Nyakerario hakucheka. Alisema polepole kwamba hakuna picha ya Manasseh pale nyumbani, na alikuwa ameahidiwa hii.

Jumatatu, 9 Agosti

Nilipanda kwa Mama Nyakerario na kamera. Ile picha mbichi bado imo. Nikaiwasha, nikamwonyesha kwenye kioo kidogo. Manasseh, safu ya nyuma, joho la buluu, rangi zote mahali pake. Mama Nyakerario aliishika kamera kwa mikono miwili mpaka betri ikaisha. Kisha akanipa ndizi, akasema nirudi na betri nyingine. Nitarudi.

Jumanne, 10 Agosti

Barua kutoka Magwagwa. Wazee wa kanisa la kule wameisikia kaseti, wakaiona kava na kunitambua. Wanamwalika mwimbaji mkuu, Bwana Masese, akaimbe peke yake kwenye mkutano wa Jumamosi. Wanasema sauti kama hiyo haijasikika huko.

Nimekubali. Siwezi kuimba, lakini kaseti inaweza. Redio itakaa nyuma ya pazia la mimbari, nami nitafungua mdomo, jambo ambalo tayari nina uzoefu nalo. Mke wangu Gesare ameuliza itakuwaje umeme ukipotea katikati ya ubeti wa pili. Nimemwambia umeme haupotei siku ya Sabato.