Suluhu ya Jumatano Mchana

Nina heshima kubwa kuutangazia ulimwengu kwamba swali la kama mtu huzaliwa na mwelekeo wake wa mapenzi, au anaweza kuugeuza akitaka, limepatiwa jibu. Wataalamu wa miji mikubwa wamelihangaikia miaka na miaka. Sisi wa Halmashauri ya Wielsterdijk, huku kaskazini mwa Uholanzi, tulilimaliza Jumanne moja, kabla ya kahawa ya pili. Mimi ni Foppe Hoekema, katibu wa halmashauri, na kwa unyenyekevu wote naomba ifahamike kwamba wazo lilikuwa langu.

Chanzo ni nyumba ya daraja. Ni mali ya halmashauri, ina chumba kimoja na kitanda kimoja. Tjalling, anayeinua daraja mashua zipite, aliomba kuhamia humo na mume wake Wytze, muuza jibini. Walikuwa wanaishi juu ya ghala la jibini, na Tjalling alishaanza kunuka kama bidhaa. Sheria ndogo yetu inasema nyumba ile wapewe wenza wa kudumu. Ndoa walikuwa nayo, sikatai. Lakini ofisa makini haishii kwenye ndoa. Nilijiuliza: kilichowavuta hawa wawili ni cha kudumu kweli, au kinaweza kugeuka siku mashua ziko foleni?

Tukaitisha mashauriano, nao wawili wakaja. Kwetu hatupendi kupiga kura, kwa sababu kura humwacha mtu na furaha. Tunazungumza mpaka kila mmoja abaki na kinyongo sawa na mwenzake, ndipo tunasema tumeafikiana.

Meya wetu, Sybrand, ndiye aliyefungua. "Mambo haya hugeuka," alisema. "Mimi zamani nilikuwa sili samaki wabichi. Leo nawala."

"Mheshimiwa, hukufunga ndoa na samaki," alisema Daktari Baukje, anayetutibu sote. "Mimi nimewahi kuwatibu watu waliolazimishwa kugeuka. Niliwatibu majeraha. Kugeuka hawakugeuka."

"Hiyo haithibitishi kwamba haiwezekani."

"Kwani wewe uligeuka lini?" Wytze alimuuliza.

"Nigeuke nini?"

"Mpaka ukapenda wanawake. Hiyo kozi uliisomea wapi?"

Meya aliomba apitishiwe sukari. Nikaona wakati wa uongozi umefika. Huku kila mtu anafanya kazi nusu wiki: daktari wa meno, mwalimu, hata mchungaji. Kwa nini maumbile yasifuate utaratibu huohuo? Nikapendekeza kwamba mwelekeo wa mapenzi uwe wa kuzaliwa nao kuanzia Jumatatu hadi Jumatano saa sita mchana, na uwe wa kugeuzika kuanzia hapo hadi Jumapili jioni. Nyuso zote zilikunjamana kwa kipimo kimoja. Tukawa tumeafikiana.

"Kwa hiyo nyumba tunapewa nusu wiki?" aliuliza Wytze.

"Na ufunguo juu."

"Na Jumatano saa saba mchana nimpende nani?"

"Hapo halmashauri haiingilii. Ni faragha yako."

Tjalling, ambaye si mtu wa maneno, aliuliza jambo moja tu. "Hii ni kwetu sisi wawili au kwa watu wote?"

Niliona fahari. "Bwana Tjalling, hapa hatubagui. Sheria ni msumeno."

"Haya, nilitaka kusikia hivyo tu," alisema, akaenda kufungulia mashua.

Jumatano nilirudi nyumbani kula. Hiske, mke wangu, alikuwa ameweka begi langu mlangoni.

"Unasafiri, mke wangu?"

"Wewe ndiye unayesafiri. Saa sita imeshapita. Saa hizi mimi ni mtu wa kugeuzika, baba. Nitalalaje na mwanamume ambaye sijui kesho kama nitampenda? Nitakuwa nakuonea."

"Hiske, ile ni kwa ajili ya wale."

"Wale nani?"

Nilibeba begi nikatoka. Njiani nilikutana na Meya akisukuma baiskeli yenye masanduku mawili. Mkewe na wangu huimba kwaya moja. Mali pekee ya halmashauri iliyokuwa tupu kuanzia Jumatano mchana ilikuwa nyumba ya daraja. Tjalling alitukabidhi ufunguo kwa upole, akatuonyesha na kiatu cha mti kinachoning'inizwa kwenye ufito ili wenye mashua watie ushuru humo. Mchana ule wenye mashua walimwona Meya wao akivua sarafu, wakampigia honi.

Lakini Sybrand si mtu wa kukata tamaa. "Foppe," aliniambia juu ya supu ya njegere, "tuko kwenye siku za kugeuka. Ushahidi uliokosekana ni sisi. Tujitahidi."

Tukajitahidi. Alinisifia masikio. Nilimshika mkono, nikautazama, ukawa mkono.

"Unahisi chochote?" aliuliza.

"Njaa. Wewe?"

"Nahisi unakoroma sana."

Kufikia Jumamosi kilichogeuka ni mgongo wangu peke yake.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, walijaa darajani. Tjalling alisogea mbele. "Mheshimiwa, umegeuka?"

Meya alimwona mkewe katikati ya umati, amekunja mikono, akisubiri jibu kwa hamu isiyo ya kawaida. Akisema ndiyo, ameshinda hoja na amepoteza mke.

"Hata kidogo," alisema. "Nimejaribu kwa nia njema. Sikuuchagua mwelekeo huu, na haugeuki."

"Basi ni wa kudumu," alisema Daktari Baukje. "Wao, na wewe, na sote."

Meya alimpa Wytze ufunguo pale pale. Godoro lao lilikuwa tayari kwenye mkokoteni. Walijua majibu kabla yetu. Tjalling alicheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, nami nilifurahi, sitaficha.

Nikakimbiza baiskeli hadi nyumbani. Hiske alikuwa bustanini, miguu juu ya kiti changu.

"Suluhu imefutwa," nilimwambia. "Tunarudi kama zamani."

"Nimewafurahia sana wale vijana. Leo ingia. Jumatano utatoka tena."

"Lakini imethibitishwa, Hiske. Mtu hageuki."

"Ndiyo maana. Siku hizi nimejijua, mume wangu. Kupenda kukaa peke yangu nilizaliwa nako. Miaka yote hii ulikuwa unanilazimisha tu nibadilike."

Nimekata rufaa kwa halmashauri. Katibu, ambaye ni mimi, amenijibu kwamba suala hilo lilishaamuliwa.