Jua Langu Juu ya Kioo cha Kinyozi

Jumatatu, 3 Juni

Kinyozi ametangaza. Juu ya kioo chake kikubwa pana nafasi, anataka picha moja ya jua likichomoza. Itakaa pale mwaka mzima. Wateja wake wengi huja asubuhi, anataka waone kunakucha. Tutakaoshindana ni sisi wazee wa benchi lake, tunaocheza ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Kila mtu alete picha aliyoipiga mwenyewe humo mchezoni, akiwa angani. Jumamosi anachagua. Nikamwambia aandae msumari mrefu.

Mpimaji akacheka. Huyu alipima viwanja vya watu miaka thelathini, basi anadhani na mbingu ni kiwanja chake. Tayari ana picha mbili ukutani pale. Mimi sina hata moja. Haiwezekani!

Jumanne, 4 Juni

Nimeruka alfajiri, alfajiri ya mchezoni. Mimi kurusha ndege sikufundishwa na mtu. Jua likatoka, zuri ajabu! Nikaachia usukani nitafute kitufe cha picha. Nilipokipata tulikuwa baharini. Ndani kabisa. Picha ya kwanza: maji. Ya pili: bawa. Ya tatu: ukuta wa ghala, sijui nilifikaje.

Mke wangu akauliza kwa nini naifokea meza "Panda! Panda!" Nikamjibu rubani haulizwi maswali akiwa kazini. Akasema basi rubani ashuke, chakula kinapoa.

Jumatano, 5 Juni

Nimegundua jambo. Jua la asubuhi halina adabu. Ukilifuata linakimbilia juu, punde si punde limekuwa jeupe kama balbu. La jioni ndilo lenye heshima zake. Nimelifukuza saa nzima na ndege, nalo limeganda palepale, jekundu, mawingu kama pamba iliyomwagikiwa chai. Nimepiga kila kitu, na vyombo vya rubani mbele yangu, wajue nilikuwa naendesha mimi.

Kisha nikawaza. Picha haisogei. Nani atajua jua linapanda au linashuka? Kichwa hiki!

Alhamisi, 6 Juni

Binti yangu, fundi cherehani, ndiye mwenye kompyuta. Amenichapishia picha kwenye karatasi nzito. Akaitazama sana. Akasema, baba, mbona hili kama la jioni? Nikamuuliza kati yetu sisi wawili nani ameona asubuhi nyingi. Akasema wewe, baba. Lakini aliuma midomo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeshinda! Kwa muda wa robo saa.

Kinyozi aliitundika mwenyewe. Akasema ukiitazama unajisikia umeoga. Mimi nimekunja nne, sitazami mtu.

Mpimaji akavaa miwani. Akasogea. Akaweka kidole kwenye dira, pale mbele ya usukani. Akasema mzee mwenzangu, ndege yako imeelekea magharibi, na jua liko mbele yako. Tangu lini linachomozea huko? Mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja alicheka mpaka kinyozi akaweka wembe chini.

Nikasema ndege ilikuwa inarudi kinyumenyume.

Haikunisaidia. Mpimaji akazidi kunifundisha: picha ya kweli, dira husoma mashariki. Nikaapa mbele ya wote kwamba jua lile ni la asubuhi. Imeshushwa. Imepanda ya Mpimaji, kijua kidogo kama kiini cha yai.

Kinyozi alinifuata mlangoni, akanong'ona. Karibu na mlango pana nafasi nyingine, ya jua likizama. Nilete hii hii tu, yaishe. Nikamwambia siwezi. Nimeshaapa ni la asubuhi, sasa niilete kama ya jioni? Mtu ana heshima yake. Nitapiga mpya.

Jumapili, 9 Juni

Nimekaa mchana kutwa. Safari hii nimekuwa makini, sitaki Mpimaji anipate tena. Nimeweka saa ya jioni, nimegeuza ndege mpaka dira ikasoma mashariki sawasawa, kama alivyosema. Jua hakuna. Nimeruka saa mbili. Giza tu mbele. Mchezo nao umeanza kuchakaa!

Nikabadilisha saa, nikaweka asubuhi. Hilo hapo! Limetokea mbele yangu, duara, rangi ya karoti. Nimelipiga haraka kabla halijawa balbu. Binti akauliza hili nalo ni la nini. Nikamwambia ni la jioni. Akatoka nje kucheka na mama yake.

Wacheke. Kesho asubuhi nampelekea kinyozi. Dira nimeikagua mara mbili, inaonekana vizuri, mashariki kabisa. Mpimaji atakosa la kusema.