Dubu Wananizuia Kuhamia Jeddah

Shumaisi, Riyadh

Kwa Bosi Mkuu wa Usalama,
Makao Makuu, Jeddah.

Mheshimiwa Bosi,

KUH: KUNYIMWA UHAMISHO KWA SABABU YA DUBU

Natumaini u mzima, wewe na kiyoyozi chako. Mimi ni Jackton Amukowa, mlinzi wa kambi ya watalii jangwani, nje ya Riyadh. Mke wangu Truphena anafanya kazi kwa madam mmoja huko Jeddah, na Ijumaa hupewa ruhusa ya kutoka. Tangu tushuke ndege nchi hii tumeonana kwenye simu tu. Nina hamu naye kupita kiasi. Niliomba uhamisho, nikaambiwa nipite kwanza mtihani wa usalama. Somo lenyewe kampuni ililinunua kutoka nchi ya theluji, na tangu mwanzo hadi mwisho linahusu dubu. Nimeanguka mara tatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hapa hakuna dubu. Kuna ngamia, kuna paka, na kuna mbweha mmoja mwenye haya. Hata kwetu Kakamega dubu hatukuwa naye.

2. Swali lilikuwa: ukikutana na dubu utafanya nini? Nikajibu kwamba nitamsalimia, kisha nitamwomba ikama, kile kibali cha kuishi nchi hii. Nikapewa sifuri. Bosi, ni wewe uliyeagiza asipite kiumbe langoni bila kuonyesha karatasi. Dubu ni mgeni nchi hii kama mimi. Kama yupo, basi aliletwa, na kama aliletwa ana kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia. Huyo kafili ndiye wa kuulizwa.

3. Somo linasema chakula kitundikwe juu ya mti. Kambi haina mti. Mwenzangu Onesmus alitundika omena zake, dagaa wa kwetu, kwenye mlingoti wa taa, na sasa paka wote wa jangwa hili wanahudhuria zamu yetu.

4. Tumefunzwa kwamba ukimwona dubu usikimbie: inua mikono, sema naye kwa sauti ya chini, rudi kinyumenyume. Nilikuwa nikifanya mazoezi hayo kafili wangu alipotokea nyuma ya hema. Kwa kuwa nilikuwa katikati ya zoezi, nilimalizia kwake. Kila alivyonisogelea ndivyo nilivyorudi nyuma, nikimwambia kwa upole kwamba simtakii mabaya. Tangu siku hiyo ananiangalia kwa huruma.

5. Elly, wa lango la pili, alijifanya maiti kama tulivyoagizwa, saa saba mchana. Wageni wakamfunika shuka, wakaanza kumsifu. Alisifiwa vizuri hata akakataa kuamka.

6. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Somo linakiri kwamba dubu hulala msimu mzima wa baridi. Mimi nilisinzia kidogo tu nikaandikiwa barua ya onyo. Kama huyo ndiye kiumbe mnayemheshimu, naomba niajiriwe kama dubu.

Kwa hivyo naomba moja kati ya mawili. Ama nihamishwe Jeddah, ama aagizwe dubu wa mazoezi kwa meli hadi Bandari ya Jeddah, nami nitumwe kumpokea. Nitakaa naye huko mpaka karatasi zake zikamilike, na hata zikichelewa sitalalamika.

Nisalimie wote ofisini, na anayepika chai, na mlinzi wa mlangoni kwako ambaye naamini alipita mtihani.

Wako mtiifu, anayerudi kinyumenyume,

Jackton Amukowa

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nimepigiwa simu. Tawi la Jeddah linaanza somo la dubu na linatafuta mwalimu, na imeonekana hakuna mlinzi aliyelisoma mara nyingi kama mimi. Naondoka Alhamisi. Truphena amelia kwenye simu, nami nimelia. Bosi, tafadhali yasahau yote yaliyo hapo juu. Dubu ni mnyama hatari sana na anaweza kutokea popote, hasa Jeddah. Naomba somo lirefushwe lichukue mwaka mzima. Na mlinzi yeyote atakayeniambia kwamba hapa hakuna dubu, huyo nitamwangusha.