Tiketi ya Gwendolyn

Jumanne, 4 Machi

Baridi ya kukata masikio. Nimepanga foleni tangu alfajiri nje ya ukumbi wa Barabara ya Arobaini na Tano, kungojea zile tiketi za bei ya chini zinazouzwa siku hiyohiyo dirisha likifunguliwa. Viti vilivyokosa wenyewe. Kila mtu anaruhusiwa tiketi mbili, si zaidi, na kitambulisho mkononi.

Wa kwanza, kama kawaida, Sheldon Fink. Kiti chake cha kukunja, chupa yake ya chai, blanketi lake la miguuni. Mhasibu mstaafu anayejiona meya wa foleni. Aliwasalimu wote kwa majina. Mimi akaniambia nisogee, namzibia jua. Jua lipi? Mwezi wa Machi! New York!

Dirishani, dada wa tiketi, Yesenia, aliuliza ngapi. Nikasema mbili. Sijui kwa nini. Tuseme ukweli, najua. Niliona haya kutamka "moja" mbele ya watu. Zamani nilikuwa nakuja na dada yangu Marjorie, lakini alihamia Tucson kufuata joto, na tangu hapo kiti cha pili hukaliwa na koti langu. Leo pia. Koti limeona onyesho vizuri kuliko mimi, maana mbele yangu aliketi jitu.

Jumamosi natimiza miaka hamsini na tisa. Nimeapa: siku hiyo pembeni yangu atakaa mtu. Mtu mwenye pumzi.

Jumatano, 5 Machi

Bahati imenijia mlangoni nami nikaifukuza kwa fimbo!

Mama mmoja mwenye kofia ya sufu ya kijani, Bernadette Okun, alikuwa mkiani kabisa mwa foleni, ambako tiketi hazifiki. Basi ipo desturi: ukichelewa, unapita mbele ukitafuta mtu aliye peke yake, unamwomba akununulie ile ya pili, unamrudishia pesa yake, mnaingia wote. Kwenye foleni hii mpweke ni lulu! Ila miaka yote hakuna aliyewahi kuniomba mimi. Marjorie alikuwa akisema nina uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Akasimama mbele yangu. Akauliza kwa upole, "Samahani kaka, uko peke yako?"

Nikasema hapana, namngoja mke wangu. Akauliza jina lake, kwa adabu tu. Nikasema Gwendolyn.

Sina mke. Sijawahi kuwa na mke. Simjui Gwendolyn yeyote. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu hauna hata akili.

Akaenda kwa Sheldon. Sheldon akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia: "Peke yangu kabisa, mama! Kidole kimoja hakivunji chawa, karibu!" Bila haya! Waliingia wakicheka, wakakaa bega kwa bega. Nyuma yao tulikaa mimi na koti. Sikumbuki onyesho lilihusu nini.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango. Gwendolyn augue! Mke mgonjwa hawezi kuja, tiketi ya pili inabaki bila mwenyewe, Bernadette anaiomba. Mpango hauna tundu.

Nikamwambia kwa huzuni kwamba Gwendolyn kifua kimembana. Nikangoja aombe tiketi. Badala yake akashika mashavu. Maskini mwanamke wa watu, akasema, nami nimemwacha kitandani nije kupanga foleni? Akamwomba Sheldon amshikie nafasi, akaenda kwake, mitaa miwili tu kutoka hapo. Akarudi na mtungi wa kioo wenye supu ya moto.

Foleni nzima ilinitazama kama mwizi wa sadaka. Sheldon akasema amewaona wanaume wa kila aina, lakini anayemkimbia mgonjwa kwa ajili ya tiketi ya bei chee, huyo ni wa kwanza. "Nenda nyumbani, bwana! Nenda kamnyweshe mkeo!" Wote wakaitikia. Nikafukuzwa foleni nikiwa na mtungi kifuani. Tiketi sikupata, na nafasi yangu ikaliwa na mtalii.

Nimeinywa supu nimesimama jikoni, palepale kwenye mtungi. Kuku, madonge laini ya unga, majani ya bizari. Hakuna aliyenipikia tangu Marjorie aondoke. Nilimbakizia Gwendolyn kidogo. Kisha nikakumbuka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudisha mtungi, nimeuosha mara mbili. Bernadette akauliza mgonjwa ameipenda supu? Hapo ningesema ameipenda sana, yakaisha. Lakini nikafikiri: mke wa kweli ana kasoro zake. Ili Gwendolyn aaminike, nikasema amelalamika chumvi.

Uso wa Bernadette ulisawijika. Sheldon akanong'ona, kwa ile minong'ono yake ya kipaza sauti, kwamba mgonjwa huyo kifua kimembana lakini mdomo mzima.

Nikajipalia makaa zaidi. Nikasema si neno, ameshaondoka, amepanda ndege kwenda kwa dada yangu Tucson, daktari ametaka hewa kavu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika Arizona.

Sasa kiti ni kitupu waziwazi, si ndiyo? Nikamwambia Bernadette tiketi yangu ya pili haina mtu. Akanishukuru, akasema ameshapatana na Sheldon. Sheldon hana mtu, akasema, inafaa kumpa kampani. "Wewe angalau unaye wa kumpigia simu jioni."

Dirishani Yesenia akauliza ngapi. Mbili.

Jioni nilimpigia Marjorie. Hakupokea. Nimeacha ujumbe kwamba sina shida yoyote.

Jumamosi, 8 Machi

WA KWANZA! Nimemwahi Sheldon Fink! Alipotokea na kiti chake akanikuta nimeketi kwenye zege, mahali pake hasa. Akafungua kiti chake nyuma yangu kama mfalme aliyepinduliwa. Sijawahi kuwa na asubuhi nzuri namna hii, ingawa miguu siisikii.

Kofia ya kijani ilipochomoza tu pembeni mwa jengo, nikapiga kelele kwamba ninayo ya pili. Bernadette akacheka, akasema haya, leo ni zamu ya kaka Wendell. Amekubali!

Yesenia akachukua kitambulisho changu, akakitazama, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti cha dirishani: "Jamani, huyu leo kazaliwa!" Foleni ikaimba. Mtaa mzima. Sheldon ndiye aliyeongoza, kwa sauti ya geti lenye kutu, na aliimba hadi mwisho. Upepo ulinitia machozi. Upepo, au vyovyote.

Kisha Yesenia akatoa tiketi. Viti vya masalio ni vya masalio: kimoja safu ya mbele, kingine ghorofani nyuma ya nguzo. Ningefanyaje? Nikampa Bernadette cha mbele. Nimeona nusu ya kushoto ya kila mwigizaji. Pembeni yangu kulikuwa na mtu mwenye pumzi, ndiyo, na alizitumia kukoroma.

Wakati wa mapumziko nikashuka mbio kumtafuta. Alikuwa kwenye foleni ya choo cha wanawake, iliyopanda ngazi na kukunja kona. Nikamngoja karibu na mlango hadi kengele ikalia. Akatoka, akanishika mkono. Akasema kila Jumamosi baada ya onyesho la mchana, watu wa tiketi moja moja hula pamoja kwenye mgahawa wa Barabara ya Tisa. Ni wale wasio na mtu nyumbani tu, ndiyo sheria. Lakini kwa kuwa Gwendolyn yuko mbali, wamekubaliana kunialika. Sheldon mwenyewe ndiye aliyetoa wazo. Keki imeagizwa.

"Usile peke yako siku kama ya leo," akasema. "Maskini wee."

Lile neno! Lingekuwa neno lingine lolote, ningekwenda. Nikajiona nikinyoosha shingo. Nikajisikia nikisema Gwendolyn amerudi leo asubuhi, amenishtukiza, yuko nyumbani na bata kwenye oveni.

Akafurahi kwa dhati. Akasema nimsalimie, na asisahau chumvi.

Baada ya onyesho nilipita nje ya ule mgahawa. Nilikuwa naelekea treni tu. Treni iko upande mwingine, lakini nilipita. Walikuwa wamejaa meza ndefu karibu na dirisha, wanasukumana viwiko, wanapokezana viazi. Keki waliila vilevile, na mshumaa aliuzima Sheldon. Akaniona kwenye kioo. Akanipungia mkono, njoo, njoo! Nikamwonyesha saa yangu, nikamwonyesha kwa ishara kwamba bata ataungua. Nikaenda.

Nimekula mkate na samaki wa kopo. Marjorie alinitumia kwa simu kadi ya siku ya kuzaliwa yenye mbwa anayecheza. Nimeitazama mara nyingi.

Jumapili, 9 Machi

Sikutoka leo. Nimekaa, nimetafakari, nimejihoji bila huruma. Na kosa langu nimeliona.

Kosa ni Gwendolyn. Maadamu yuko hai, mimi nina mtu nyumbani, na mwenye mtu nyumbani hapewi keki. Siwezi kuwaambia hayupo. Watajua hakuwahi kuwapo, nami uso wangu nitauficha wapi? Lakini akifariki! Mgane hulaumiwa kwa lipi? Mgane hukaribishwa. Mgane hupelekewa supu. Hata Sheldon atamwachia kiti chake cha kukunja.

Atafariki kesho Jumatatu, siku ambayo kumbi hufungwa, ili Jumanne habari ziwe mbichi. Ni kifua kilekile. Safari ya ndege haikumfaa. Nimetoa tai nyeusi kabatini, nimeinyoosha. Nikasimama mbele ya kioo kufanya mazoezi ya nitakayosema nikiulizwa. Kwamba alikuwa mke mwema. Kwamba alikuwa na mdomo, lakini moyo safi. Kwamba alipenda kukaa upande wa kulia kwangu, ashike kijitabu cha onyesho tusome wote. Kwamba nyumba imekuwa kimya.

Hapo ikabidi nikae kitandani. Nimemlilia hadi jioni. Sikujua nilimpenda kiasi hicho.