Ndoo Tatu za Paa la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya ishirini na mbili tangu mama mkwe aje kwetu kwa siku mbili tatu. Paa lake la zege linavuja juu ya kitanda, kwa hiyo amehamia sebuleni kwangu. Kiti changu sasa ni chake. Rimoti pia. Leo katangaza kwamba harudi kwake mpaka paa lipakwe dawa ya kuzuia maji, na anataka makadirio mawili: yangu, na ya shemeji, mwanawe, ambaye mtaa mzima unamwita Tepu kwa kuwa hatoki nyumbani bila tepu ya kupimia. Mimi, fundi rangi wa miaka kumi na moja, nishindanishwe na Tepu! Nimekasirika hadi chai imenipoa. Lazima nishinde, na paa likamilike kabla ya mvua. Nakitaka kiti changu.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kupima. Ngazi ya kupandia juu imelegea, na mimi naogopa kuwa juu (hata mke wangu hajui). Nikapima vyumba kwa chini. Akili ni mali! Paa limefunika vyumba, basi ukubwa ni uleule. Hatua tisa kwa saba, na hatua yangu ni mita kamili. Mita za mraba sitini na tatu. Dakika nne, kazi imekwisha.

Tepu alikuwa juu saa mbili nzima. Nilimsikia akitambaa, akigonga, akisugua. Kashuka na magoti meupe, anasema ni mita themanini, kwa kuwa paa limetokeza nje ya kuta, na kumi na moja zaidi za ule ukuta mfupi unaolizunguka, maana nao hupakwa. Ukuta! Nilimcheka mbele ya jirani.

Jumatano, 5 Machi
Hesabu. Ndoo imeandikwa lita moja na nusu kwa kila mita, ukipaka mara mbili. Mara mbili ni maneno ya watu wanaotaka kuuza. Mimi napaka mara moja, kwa moyo. Nusu ya dawa, lita arobaini na saba. Nimeandika ndoo tatu za lita ishirini, nisije nikaitwa mchoyo.

Tepu kaandika ndoo nane, dawa ya kutangulizia, kitambaa cha wavu cha kuziba pembeni, na ziada ya ile inayobaki kwenye ndoo na rola. Siku tisa! Mama mkwe kavaa miwani, kasoma zote mbili, kauliza kwa nini zimepishana hivyo. Nikasema, Mama, wengine hupima kwa tepu, wengine kwa uzoefu. Kauliza nitamaliza lini. Nikasema Jumamosi jioni. Kazi nimepewa mimi! Tepu kanivuta pembeni, kaniambia shemeji, zege lile limechakaa, litakunywa dawa. Nikamwambia zege si ngamia. Mke wangu kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kwamba kaka yake ni mdogo kwangu kwa miaka miwili.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda nimefumba macho. Ndoo mbili za kwanza zimekwisha kabla sijafika katikati. Zege lilikuwa linakunywa! Nimekaa juu ya ndoo iliyobaki, nikawaza. Kisha nikateremsha kamba, nikapandisha maji. Ndoo moja ikazaa tatu. Ilikuwa nyepesi kidogo, kama maziwa ya mgeni asiyetakiwa, lakini kwa mbali ni nyeupe ileile. Pembeni sikufika, maana ukiwa kule unaona chini kulivyo mbali.

Saa kumi na moja nimemaliza. Mama mkwe kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kaniita mwanangu. Miaka tisa ya ndoa, mara ya kwanza. Nilitaka kulia.

Jumapili, 9 Machi
Amefungasha, ameondoka. Nimekaa kwenye kiti changu kutwa. Sikuwasha hata televisheni.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Nilijiambia ni ya kupita. Ilinyesha saa sita mfululizo.

Mama mkwe kabisha hodi adhuhuri, na mwavuli, sanduku na blanketi lenye madoa meupe. Zamani paa lilivuja mahali pamoja, sasa maji yanaingia kwenye pembe zote nne, na yanakuja na dawa yangu. Hakunigombeza. Kanipita tu, kama mimi ni mpita njia. Nimeona aibu, na aibu hiyo haikunitoka hata baada ya kula. Mke wangu kasema sebule inamuumiza mama mgongo. Amempa chumba chetu. Yeye atalala naye, mimi kochi.

Jumamosi, 15 Machi
Tepu kakagua. Dawa yangu inabanduka kama ngozi ya kiazi. Yote ikwanguliwe, na zege likauke kabisa, maana yake tusubiri mvua ziishe. Miezi miwili. Hakunisimanga hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Mama mkwe kauliza kabati la chumbani ni la nani, kwa kuwa nguo zake hazina pa kukaa. Nguo zangu sasa ziko kwenye sanduku lake.

Jumatatu, 17 Machi
Nimefikiri kwa utulivu, kosa nimeliona. Maji niliyoongeza yalikuwa machache. Ningeongeza ndoo moja zaidi, dawa ingefika pembeni.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani kapiga simu. Ana mabafu kumi ya wanafunzi, sakafu zinavujia madarasa ya chini, anauliza nitakwenda lini kuyaona. Nimemwambia asijisumbue, bafu ni bafu. Ndoo mbili, Ijumaa namaliza.